Neno "Safari" Linaporudi na Maana ya Kigeni

Umewahi kumwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu maana ya safari? Nilipouliza darasani mwangu, wa kwanza kujibu alisema ni kwenda Maasai Mara kutazama simba. Hakukosea, ila alijibu kwa Kiingereza.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, safar, yaani mwendo wa kutoka mahali hadi mahali. Kiswahili kililitohoa, likazaa jamaa zake: safiri, msafiri, usafiri, msafara. Waingereza waliliokota kwetu. Richard Burton, aliyetoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1858, ni miongoni mwa wa mwanzo kuliandika. Kwao likamaanisha msafara wa wapagazi, kisha uwindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda, na habari zake zikalitangaza neno hili ughaibuni. Kenya ilipopiga uwindaji marufuku mwaka 1977, kamera ilichukua nafasi ya bunduki, lakini neno likabaki mbugani. Katika Kiingereza cha kila siku, anayetoka Kisumu kwenda Nakuru kumwona shangaziye hayuko safarini hata kidogo. Kwetu yuko.

Hapa ndipo mtahiniwa anapopoteza alama. Niliwapa wanafunzi sentensi hii: "Safari hii sirudi nyuma." Wengi waliandika kuwa msemaji yumo njiani. La hasha! Huenda amekaa kitako nyumbani kwake. "Safari hii" ni mara hii. Vivyo hivyo, mama akilalamika kuhusu mdeni wake, "Nimemwendea safari tatu," usitafute basi wala mizigo. Nayo "safari ya mwisho" ni tasfida ya kifo, na aghalabu washairi huifanya safari kuwa istiari ya maisha. Mwanafunzi aliyezoea maana ya kitalii huyapita haya yote bila kuyaona. (Tena asiandike "masafari". Neno hili limo katika ngeli ya I-ZI: safari hii, safari hizi.)

Mwalimu mwenzangu, neno hili likitokea katika riwaya au tamthilia, waulize wanafunzi limo kinywani mwa nani. Mhusika Mswahili anayelitumia kwa maana ya kutazama wanyama pekee amekwisha kutuonyesha anaitazama nchi yake kwa macho ya nani, na hiyo ni hoja halali katika swali la sifa za wahusika.