Kabla ya Runinga Kulikuwa na Jukwaa: Miaka 60 ya King Majuto

Tuliokulia Mtinko, kule Singida, mchekeshaji King Majuto tulimjulia kwenye banda la video. Jenereta linaunguruma nje, tumebanana kwenye mabenchi, naye hajatamka neno, lakini banda zima limeshaangua kicheko. Wanangu, waliozaliwa huku ughaibuni, huniuliza: kwani alikuwa anafanya nini hasa? Jibu liko jukwaani.

Jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, 1948. Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto. Tanzania Bara haikupata televisheni hadi 1994. Hiyo ni miaka 36 ya uigizaji kabla ya runinga kuingia sebuleni.

Maigizo ya jukwaani yalikuwa shule ngumu. Miaka ya 1980, vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vilichanganya ngoma, sarakasi, taarab na vichekesho katika onyesho moja, kwenye kumbi na baa. Mara nyingi hapakuwa na mswada. Wasanii walikubaliana kisa, kisha kila mmoja akajitungia maneno palepale. Watazamaji wakichoka, unawaona wanavyogeukia vinywaji vyao. Mwigizaji wa enzi hizo ilimbidi ajue kuwasikiliza watu, kunyamaza panapotakiwa, na kusema kwa macho, mabega na mwendo.

Basi zilipokuja kanda za video, kisha filamu za Bongo, kamera ilimkuta Majuto ameshaiva. Alipoigiza na kijana Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali mwaka 2012, ubishoo wa kijana ulichekesha maradufu kwa sababu mzee alijua kumwachia nafasi. Hiyo ni adabu ya jukwaa.

Majuto alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, miaka 60 tangu aanze. Mwaka huohuo, kabla hajafariki, waziri wa wakati huo Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Inauma kwamba hesabu ya jasho lake ilianza kupigwa akiwa mgonjwa. Msanii apewe haki yake angali na nguvu.

Wanangu nimewapa jibu moja: wekeni filamu yake yoyote, zimeni sauti, mtazameni anavyoingia mlangoni. Walicheka kama tulivyocheka Mtinko.