Baba na Mama Nao Waingie Uwanjani

Sikukuu ikiingia Unguja, hakuna haja ya kuuliza watoto wameenda wapi. Kuanzia alasiri wanaelekea Mnazi Mmoja na viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, nguo mpya mwilini, pesa za sikukuu zimekunjwa kiganjani. Wenzao wa Chake Chake wanamiminika Tibirinzi. Kuna pembea, kuna urojo, kuna aiskrimu inayoyeyuka kabla haijafika mdomoni, na kuna vumbi la kutosha kuzifanya zile nguo mpya zionekane za mwaka jana. Mambo huwa hivyo siku zote nne, tangu sikukuu mosi.

Wazazi nao huwapo. Ila ukiwatazama vizuri, ni kama wako kazini: mmoja ameshika viatu vya watoto watatu, mwingine analinda mkoba, wa tatu analipa, wa nne anahesabu vichwa asije akarudi nyumbani na pungufu. Wanaocheza ni watoto peke yao.

Picha hiyo haiko Zanzibar tu. Jumapili jioni Coco Beach, Dar es Salaam, familia nzima hushuka kwenye bajaji. Watoto wanakimbilia maji, wakubwa wanakimbilia mihogo ya kukaanga. Mombasa, kando ya Mama Ngina, wapo wanaofika na watoto wakabaki ndani ya gari, madirisha wazi, madafu mkononi. Nairobi, kwenye nyasi za Uhuru Park, baba hulala chali na gazeti usoni huku wanawe wakifukuzana. Amechoka, na haki ya kupumzika anayo. Lakini kuna jambo linalompita hapo, na si dogo.

Tuanze na mwili, maana hesabu yake ni rahisi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomtoa jasho. Mtu mzima anatakiwa apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani saa mbili na nusu. Mama anayesema hana nafasi ya mazoezi kwa sababu ya watoto, na watoto wanaokosa pa kukimbilia kwa sababu mama hana nafasi, wana tatizo moja. Saa moja ya rede Jumamosi na nyingine Jumapili humpa mama dakika 120 kati ya zile 150, bila kulipia ukumbi wa mazoezi wala kununua viatu vipya. Kwa mtoto, mwisho wa wiki peke yake hautoshi, kwa kuwa kipimo chake ni cha kila siku. Lakini mchezo aliojifunza Jumamosi ndio atakaoucheza uani Jumatatu.

Na rede si mchezo wa kuchekelewa. Anayesimama katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira wa soksi unaorushwa kutoka pande mbili. Anainama, ananyanyuka, anageuka, anaruka. Mwanamke aliyejifunga kanga vizuri hushinda vijana wengi katika mchezo huu, na mitaani Dar es Salaam wapo kina mama wanaoucheza kwa timu na kwa ushindani wa kweli. Kenya watoto wana kati, jamaa wa karibu wa rede. Wana pia bladaa ya kuruka kamba, bano ya gololi, na brikicho, mchezo wa kujificha ambao mtoto wa Tanzania akiuona atautambua kuwa ni kombolela. Hakuna mmoja kati ya michezo hiyo unaodai zaidi ya mpira wa matambara, chupa, kamba au gololi. Inachodai ni watu na nafasi.

Jambo lisilozungumzwa sana ni macho. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walizigawa shule 12 za msingi makundi mawili. Kundi moja liliongezewa kipindi cha dakika 40 nje ya darasa kila siku ya shule, na wazazi wakahimizwa wawatoe watoto nje baada ya masomo, hasa mwisho wa wiki na wakati wa likizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, watoto walioanza kushindwa kuona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika kundi hilo, na asilimia 39.5 katika kundi lililoendelea na ratiba ya kawaida. Mwanga wa nje unaaminika kuwa na mchango mkubwa katika tofauti hiyo. Mzazi anayelalamikia bei ya miwani ana sababu nyingine ya kumtoa mtoto sebuleni.

Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kukalishwa mbele yake kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Miongozo hiyo haikutaja simu ya mzazi. Ingefaa itajwe.

Maana kuwapo kwa mzazi mchezoni ndicho kiini. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa ripoti kuhusu nguvu ya mchezo, ikiongozwa na Dk. Michael Yogman, na kikawashauri madaktari waandike mchezo kama wanavyoandika dawa mzazi anapomleta mtoto kliniki katika miaka yake miwili ya mwanzo. Hoja yao ni kwamba mtoto anapocheza na mtu anayemjali hujenga uwezo wa kupanga, kujizuia na kubadili mbinu, na uhusiano huo wa karibu humkinga dhidi ya msongo wa muda mrefu. Tazama kombolela ikichezwa: mtoto lazima akumbuke mafichoni alimopita, azuie kicheko, akadirie mbio za anayemtafuta, kisha achague dakika ya kuchomoka. Hilo ni somo zima la akili, na hakuna aliyeliandalia mtaala.

Mzazi naye husoma. Ndani ya mchezo, tabia ya mtoto hutoka hadharani kuliko inavyotoka mezani wakati wa chakula. Utamjua anayepindisha kanuni akiona anashindwa, anayesusa, anayemwachia mdogo wake ashinde, anayegombana leo na kusahau baada ya dakika tano. Nyumbani baba ndiye mwenye amri kuanzia asubuhi. Uwanjani anaweza kupigwa mpira wa mgongo na binti yake wa miaka saba, akatolewa nje, akangoja zamu kama wengine. Mtoto halisahau hilo. Na baba akikubali kutoka bila ubishi, amefundisha kushindwa kwa heshima vizuri kuliko kwa hotuba yoyote.

Wapo wanaoona haya. Pwani mwanamume mzima atakaa saa tatu chini ya mwembe akicheza bao na wenzake, na hakuna atakayemwona kuwa mtoto. Lakini akikimbia nyuma ya mpira wa soksi, barazani watamtia utani. Utani huo uvumiliwe tu. Babu na bibi, wao huwa hawana haya hiyo, na ndiyo sababu mdako bado unajulikana: bibi akikaa mkekani na kokoto zake, vidole vyake huwashinda wajukuu wote.

Lakini kucheza pamoja kuna hatari zake, na moja inawahusu wazazi wenye mapenzi zaidi. Ni ile ya kumpakata mtoto mdogo na kushuka naye kwenye kiteleza. Madaktari wamekuta mara nyingi kwamba mguu wa mtoto hunasa pembeni, uzito wa mtu mzima unaendelea kushuka, na mfupa wa chini ya goti unavunjika. Mtoto akishuka peke yake mguu ukanasa, kwa kawaida husimama tu. Kwa hiyo asimame mzazi chini, ampokee. Sehemu kubwa ya majeraha kwenye viwanja vya watoto hutokana na kuanguka, na hapo kinachookoa ni kilicho chini ya bembea: mchanga mwingi husamehe, saruji haisamehe. Na chuma cha kuteleza kilichokaa juani hadi saa saba mchana kiguswe kwanza kwa mkono wa mtu mzima.

Haya yote yanahitaji mahali, na mahali pa kuchezea mijini hapajawahi kubaki penyewe bila mtu wa kupalinda.

Uhuru Park ni ushahidi. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969, hekta zipatazo 13 katikati ya Nairobi, na kwa familia zisizo na bustani nyumbani ilikuwa ndiyo bustani yao: mashua kwenye bwawa, picha za kupigwa na mpiga picha wa hapohapo, nyasi za kubiringikia. Mwaka 1989 ukaja mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa 60 la shirika la magazeti la chama tawala. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akaandika barua ofisi baada ya ofisi. Alimwandikia balozi wa Uingereza kwamba kujenga hapo ni sawa na kujenga ndani ya Hyde Park ya London. Alikejeliwa bungeni, na chama chake cha Green Belt kikaondolewa katika ofisi kilizokuwa kikizitumia. Wafadhili wa nje wakajitoa, mpango ukafa. Januari 1999, akipinga ugawaji wa msitu wa Karura, alipigwa hadi akaumizwa kichwa. Leo Karura, zaidi ya hekta elfu moja, ni mahali ambapo baba na mwana hukodi baiskeli na kuzunguka chini ya miti hadi maporomoko ya maji. Ni vigumu kumfikiria mtu aliyefanya zaidi kwa ajili ya Jumapili za watu wa Nairobi.

Mfano mwingine uko katikati ya jiji hilohilo. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani yenye jina lake mwaka 1906. Ilipotakiwa kujengwa majengo ndani yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele kuipigania, na ikabaki.

Serikali na mashirika pia yameonyesha kwamba kukarabati kunawezekana. Forodhani, Unguja, ilifanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, ikiwa na sehemu ya watoto, taa na ukuta imara wa bahari, ule ambao vijana waitwao makachu huutumia kujirusha majini mbele ya wageni. Dar es Salaam, kituo cha michezo cha vijana cha JMK, Kidongo Chekundu, kilifunguliwa mwaka 2015. Mombasa, eneo la Mama Ngina lilikarabatiwa na kuwa mahali pa sherehe za Mashujaa za Oktoba 2019. Kigali imekwenda njia ya bei nafuu zaidi: tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara zake Jumapili maalumu asubuhi, na lami ileile ya magari inakuwa ya wazazi, watoto na baiskeli, pamoja na vipimo vya afya. Mji usio na fedha za bustani mpya una barabara.

Lakini bustani nyingine zetu zimetengenezwa za kutazamwa. Kibao cha usikanyage nyasi kinasimama mbele ya nyasi ambazo hazina kazi nyingine. Penye michezo, ni ya kulipia kwa dakika, na familia ya watoto wanne inamaliza pesa kabla ya jua kuzama. Choo hakuna au kimefungwa. Njia ya kiti cha magurudumu haikufikiriwa, kwa hiyo mtoto mwenye ulemavu anabaki na dada yake pembeni. Mti wa kivuli ulikatwa ili sanamu ionekane. Kiwanja cha vumbi chenye miembe miwili, mlango wazi na choo kisafi kinaifaa familia kuliko bustani ya namna hiyo, hata ikiwa na taa za rangi.

Na hili si suala la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unataja mchezo katika kifungu cha 31, na Mkataba wa Afrika wa 1990 unautaja katika kifungu cha 12; Kenya na Tanzania zimeridhia yote miwili. Tangu mwaka 2024 Umoja wa Mataifa umeitenga Juni 11 kuwa siku ya kimataifa ya mchezo.

Wazazi basi wana kazi mbili. Ya kwanza ni ya Jumamosi hii: soksi kuukuu zishonwe mpira, chupa ipatikane, simu zibaki mkobani, na zamu ya katikati aanze baba. Ya pili ni ya mkutano wa mtaa unaofuata, na inamtaka mtu mmoja tu asimame na kuuliza: kiwanja cha wazi cha mtaa huu kiko wapi kwenye ramani, na nani anakitumia sasa?