Bwawa limegeuka mlenda? Usimwage dawa ovyo!

Wiki hii naomba tuweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, maana kuna kasheshe nimeishuhudia kwa macho yangu huko Mbezi Beach, na nikinyamaza nitakuwa nimekukosea.

Mjomba wangu ni mtunza bustani kwenye mjengo wa tajiri mmoja. Nyuma ya nyumba kuna bwawa la kuogelea. Bosi na familia yake walisafiri mwezi mzima. Mjomba akaona kuwasha pampu ni kuchoma umeme bure, kwani nani anaogelea? Akazima.

Basi bwana, siku moja bosi kapiga simu: wanarudi Ijumaa, na Jumapili mtoto wao wa mwisho anatimiza miaka sita, shughuli itakuwa pembeni ya bwawa. Mjomba kwenda kuchungulia, loo! Maji yamekuwa mlenda mtupu, kuta zinateleza, vyura wanaimba kwaya.

Akakimbia dukani, akanunua ndoo nzima ya klorini kwa pesa yake, akaimwaga yote saa saba mchana, jua la utosi. Jioni maji yakafifia kidogo, akashukuru Mungu. Keshokutwa yake, kijani kilekile! Nusu mshahara imekwenda na maji. Akanipigia simu sauti imemkauka: "Mjomba, mimi kazi sina."

Nikamtafuta fundi mmoja anayetunza mabwawa ya hoteli. Alipofika hakugusa dawa. Aliomba sahani nyeupe, akaidumbukiza. Ilipofika kina cha magoti tu ikapotea machoni. Akamgeukia mjomba: "Mtoto akitumbukia humu, mzee, utapita hapa pembeni unamtafuta chooni."

Tulinyamaza wote. Kumbe siku zote tulikuwa tunawaza kazi ya mjomba, hakuna aliyewaza hilo! Geti la kwenda bwawani likafungwa kwa mnyororo palepale. Na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza mpenzi msomaji: kama huoni sakafu kule kwenye kina kirefu, haingii mtu.

KWA NINI NDOO NZIMA ILISHINDWA?

Ule ukijani ni mwani, ndugu wa ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ila huu ni mdogo kiasi kwamba huoni mmoja mmoja. Mbegu zake huletwa na upepo, mvua na hata miguu yetu. Ukipata jua, joto, maji yaliyotulia na klorini kidogo, unazaliana usiku na mchana.

Mjomba alikosea mara tatu. Kwanza, alimwaga mchana. Klorini isiyo na kinga hupigwa na jua ikapotea, nusu yake inaweza kwisha kabla saa moja haijapita. Pili, hakupima pH, yaani ukali wa maji. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini inafanya kazi. Ikipanda hadi 8, inabaki kama robo tu, nyingine imelala usingizi. Bwawa la mjomba lilisoma 8.2! Tatu, hakusugua. Mwani ulioganda ukutani una utelezi unaoukinga kama koti la mvua.

FUNDI ALIFANYAJE?

Alianza kwa kupiga hesabu. Urefu mita 8, upana 4, kina cha wastani 1.5. Zidisha, unapata mita za ujazo 48, ambazo ni lita 48,000. Hujui lita za bwawa lako? Basi unabahatisha tu.

Akaondoa majani kwa wavu, akawasha pampu, akashusha pH hadi 7.2 kwa asidi ya mabwawa, kidogo kidogo. Kisha mimi na mjomba tukapewa brashi. Tulisugua kuta, ngazi na kona zote mpaka mabega yakalia. Maji yakazidi kuchafuka, fundi akacheka: "Hivyo ndivyo ninavyotaka."

Jua lilipozama ndipo akatoa klorini ya chembechembe ya asilimia 65. Kilo moja na nusu tu! Kwa bwawa lile inatoa kama miligramu 20 kwa lita. Ile ya kwako inaweza kuwa na nguvu tofauti, kwa hiyo soma kopo. Aliweka maji kwanza kwenye ndoo safi, ndipo akatia dawa, akazungusha bwawa akimwaga. Pampu ikafanya kazi usiku kucha.

Asubuhi maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Mjomba akataka kulia, lakini fundi akasema hiyo ni dalili njema, mwani umekufa. Akaosha chujio la mchanga kwa kurudisha maji kinyumenyume, akafyonza uchafu chini. Tukarudia kusugua na kutia dawa jioni mbili zaidi.

MAMBO YA KUOGOPA

Usithubutu kuchanganya klorini na asidi. Hutoka gesi ya sumu inayoweza kukuua hapohapo. Wala usichanganye klorini ya chembechembe na ile ya vidonge kwenye chombo kimoja, inaweza kulipuka moto.

Vile vidonge navyo, vingi vina kinga ya jua ndani yake. Ni kitu kizuri, ila hurundikana majini. Kinga ikizidi sana, klorini inakuwa mvivu hata uitie gunia, na dawa yake ni kupunguza maji na kuongeza mengine mapya.

Jirani mmoja alishauri tutie mrututu. Ni kweli unaua mwani, lakini ukizidi unaacha madoa kwenye kuta na kugeuza nywele nyeupe kuwa za kijani.

Ukiona madoadoa meusi kwenye maungio ya vigae, huyo ndiye mkaidi kuliko wote. Anajichimbia ndani. Kwa bwawa la zege tumia brashi ya chuma, na usikate tamaa.

Na usidhani ni ushamba wa mjomba peke yake. Agosti 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani dunia nzima ikitazama! Waandaaji walieleza kuwa mtu alimwaga lita 80 za peroksaidi ya haidrojeni, ikaua nguvu ya klorini. Bwawa la jirani yake ilibidi wabadilishe maji yote, karibu lita milioni nne. Dawa nyingi si akili nyingi.

Jumamosi jioni fundi aliidumbukiza sahani ileile kwenye kina kirefu. Tuliiona mpaka maua yake. Jumapili asubuhi klorini ikasoma 3, watoto wakaruhusiwa.

Siku hizi mjomba anawasha pampu saa nane kila siku, anapima maji mara mbili kwa wiki na kusugua kila Jumamosi, hata kama bosi hayupo. Bosi alipofurahi akamuuliza anataka zawadi gani. Nilidhani ataomba nyongeza ya mshahara. Akaomba uzio kuzunguka bwawa. Ukajengwa.

Wewe mwenye bwawa nyumbani, la kwako lina uzio? Tukutane wiki ijayo.