Gemu Si Zote Sawa



Wazazi wengi wametuuliza swali moja: "Hizi gemu wanazocheza watoto, ni nzuri au mbaya?" Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Ni kama mtu akuulize, "Je, uyoga unalika?" Utamjibu nini? Utamwambia, nionyeshe kwanza huo uyoga wenyewe. Upo wa kupika, na upo wa kuua.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Gemu, au mchezo wa video, ni mchezo unaochezwa kwenye kioo cha televisheni, cha kompyuta au cha simu. Mchezaji anabonyeza vitufe au anagusa kioo, na picha zinamtii. Kwenye bao unashindana na mwenzako aliyekaa mbele yako. Kwenye gemu unaweza kushindana na mwenzako, au ukashindana na mashine yenyewe.

Michezo hii si mipya kama tunavyodhani. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Pong. Ulikuwa na vijiti viwili na kidoti kimoja kinachorushwa huku na huku, mfano wa mpira wa meza. Watu walipanga foleni kuucheza. Tangu hapo zimetungwa gemu nyingi mno, na kila mwaka zinatoka nyingine.

Kwa kuwa ni nyingi, wamezuka watu ambao kazi yao ni kuzicheza na kuandika maoni yao. Watu hawa huitwa wakosoaji. Msidhani kuwa ni watu wa kutafuta makosa tu. Mkosoaji mzuri ni kama fundi cherehani anayeigeuza nguo ndani nje ili aone mshono. Mnunuzi anatazama rangi, yeye anatazama uzi.

Sasa tuone wameona nini.

WALIYOISIFU NA WALIYOITUPA

Gemu moja ambayo wakosoaji wengi wanakubaliana kuwa ni nzuri inaitwa Tetris. Ilitungwa Moscow mwaka 1984 na Bwana Alexey Pajitnov. Vipande vya maumbo mbalimbali vinashuka kutoka juu, nawe unavipanga kama mwashi anavyopanga matofali. Mstari ukijaa bila tundu, unafutika. Ukipanga ovyo, ukuta unafika juu na mchezo unakwisha. Basi, ni hivyo tu. Sheria zake mtu anazielewa kwa dakika moja. Haina maneno mengi, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaicheza. Na kubwa zaidi, haikudanganyi. Ukishindwa unajua umeshindwa kwa sababu gani.

Linganisha na gemu iliyoitwa E.T., iliyotolewa na Atari mwaka 1982. Ilitokana na filamu iliyopendwa sana, na wenye kampuni walitaka kuiwahi sikukuu ya Krismasi. Mtungaji alipewa wiki 5 tu. Mchezaji alitakiwa kutafuta vipande vya simu mashimoni, lakini akawa anatumbukia kwenye mashimo hayo kila mara, hata pasipo kosa lake. Akitoka, anatumbukia tena! Wakosoaji waliilaumu, na nakala nyingi zilibaki bila kuuzwa. Mwaka 1983 kampuni ilikwenda kufukia shehena ya bidhaa zake, pamoja na gemu hii, katika jalala la mji wa Alamogordo nchini Marekani. Watu wengi walidhani ni hadithi tu, hadi jalala lilipofukuliwa mwaka 2014 na gemu zikaonekana.

Kwa hiyo jambo la kwanza wanalolitazama wakosoaji ni haki. Je, mchezo unamtendea mchezaji haki? Lakini lipo jambo la pili, nalo linatuhusu zaidi sisi wenye watoto na wenye simu.

KILIMO CHA KWENYE KIOO

Mwaka 2009 ilitoka gemu iliyoitwa FarmVille. Maana yake ni kama kusema kijiji cha shamba. Ilichezwa kwenye Facebook. Mchezaji alipewa kiwanja, akalima, akapanda, akasubiri, akavuna. Mwaka 2010 ilifikia wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Miongoni mwao walikuwamo watu wa mjini ambao hawajapata kushika jembe.

Sisi tunaojua kilimo tunaweza kufurahi. Eti watu wa mjini nao wanalima! Lakini wakosoaji waliigeuza nguo ndani nje, na hivi ndivyo walivyouona mshono. Zao likishaiva lilisubiri kwa muda fulani tu. Usiporudi kwa wakati, lilinyauka. Mtu akiwa kazini, au yuko mezani anakula, moyo ulikuwa kwenye shamba la kioo. Ukitaka mambo yaende haraka, unalipa fedha halisi. Ukitaka msaada, unawasumbua rafiki zako waingie nao wacheze. Wakosoaji wakasema: huu mchezo hautaki akili ya mtu, unataka saa zake, fedha zake na jamaa zake.

Profesa mmoja wa Marekani, Bwana Ian Bogost, aliamua kuwakejeli watu wa gemu za namna hii. Mwaka 2010 alitunga gemu yake, akaiita Cow Clicker, yaani mbonyeza ng'ombe. Ilikuwaje? Unapewa picha ya ng'ombe. Unambonyeza mara moja. Kisha unasubiri saa 6, ndipo unaruhusiwa kumbonyeza tena. Hakuna maziwa, hakuna ndama, hata samadi hakuna. Usipotaka kusubiri, lipa. Alidhani watu wangecheka, wakaelewa, wakaenda zao. Kumbe! Watu zaidi ya 50,000 wakaingia na kucheza kwa dhati. Wengine wakatoa fedha. Mwaka 2011 mwenyewe akachoka, akawaondoa ng'ombe wote. Pakabaki mahali patupu palipokuwa na ng'ombe. Wapo watu walioendelea kupabonyeza hapo patupu.

Tunaomba ndugu msomaji usome tena aya hiyo polepole. Watu hao hawakuwa wajinga. Walishikwa na desturi ya kurudi kila baada ya saa kadhaa, na desturi ikawa na nguvu kuliko akili. FarmVille ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, lakini mtindo wake uko kwenye simu zetu hadi leo. Mathalani, Candy Crush, gemu ya peremende iliyotoka mwaka 2012, inakupa nafasi 5 za kushindwa. Zikiisha, unasubiri nusu saa ili upate moja, au unalipa. Inaitwa ya bure. Lakini duka linalogawa bure kila siku, mwenye duka anakula nini?

Haina maana kwamba kila gemu ya kilimo ni mtego. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Marekani, Bwana Eric Barone, alitoa gemu iitwayo Stardew Valley. Aliitunga peke yake kwa zaidi ya miaka 4: picha, muziki, maneno na mambo yote. Ndani yake mtu anarithi shamba la babu yake lililoota magugu. Anafyeka, anapanda, anamwagilia, anafuga kuku na ng'ombe, anavua samaki, na anafahamiana na wanakijiji wenzake. Unailipia mara moja, basi. Haikuombi senti nyingine. Ukiifunga mwezi mzima, shamba linakusubiri vilevile ulivyoliacha. Wakosoaji waliisifu sana, na hadi mwaka 2024 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 30.

Nasi kama watu wa shamba tunayo haki ya kuikosoa. Mle ndani mvua ikinyesha inamwagilia mazao, hiyo sawa. Kunguru wanakula mimea kama hukuweka sanamu ya kuwatisha, hiyo nayo sawa kabisa. Kila majira yana mazao yake, na zao lisilofaa kwa majira mapya linakufa. Vizuri. Lakini zao lisilomwagiliwa halikauki, linasimama tu likikungoja! Na bei je? Peleka sokoni gunia moja au magunia elfu, bei ni ileile. Mkulima yeyote aliyepeleka nyanya mnadani siku ambayo kila mtu kaleta nyanya atacheka mpaka machozi yamtoke. Hata hivyo ni mchezo wa kiungwana, na mtoto anayeucheza anajifunza kupanga kazi na kungoja.

KIBANDANI

Wengi wetu hatuna kompyuta. Watoto wetu wanacheza kibandani: televisheni moja, mashine moja, pedi mbili, na benchi. Mtoto analipa kwa mechi au kwa dakika. Kinachochezwa zaidi ni mpira.

Gemu ya mpira inayojulikana zaidi iliitwa FIFA, na tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC. Wakosoaji wanausifu uchezaji wake. Pasi, mbio na kelele za mashabiki vinafanana na uwanja wa kweli. Na kibandani watoto wanacheza wawili wawili, wenzao wakitazama na kutaniana. Hapo hatuoni ubaya mkubwa, mradi saa za shule na za kazi zisiliwe, na fedha isiwe ya kuibwa nyumbani.

Lakini wakosoaji wana malalamiko mawili. La kwanza, kampuni inatoa gemu mpya kila mwaka, na mara nyingine upya wenyewe ni mdogo. Mwaka 2020, kwa mashine moja ya Nintendo, ilitolewa gemu iliyobadilishwa majina na jezi tu. Wakosoaji wa IGN walichapisha tena maoni yao ya mwaka uliotangulia, wakaipa alama 2 kati ya 10. Gemu ni ileile, basi na maoni ni yaleyale!

La pili ni zito. Ndani ya gemu hiyo kuna pakiti za wachezaji zinazouzwa kwa fedha. Unanunua pakiti bila kujua ndani yake yumo nani. Unaweza kumpata mchezaji nyota, unaweza kupata wa benchi. Hii ina tofauti gani na bahati nasibu? Nchini Ubelgiji mwaka 2018 wakaguzi wa serikali walisema haina tofauti, ni kamari. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Kibandani mambo haya ni nadra, kwa sababu yanahitaji intaneti. Ila kijana akihamia kwenye simu yenye bando, huko ndiko anakokutana nayo.

Vilevile wapo watoto wanaocheza Grand Theft Auto. Hii ni gemu ya uhalifu: kuiba magari, kupiga watu risasi, kukimbizana na polisi. Ile ya mwaka 2013 wakosoaji waliusifu sana mji uliojengwa ndani yake, wakasema ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini baadhi ya hao hao walilalamika juu ya namna ilivyowaonyesha wanawake, na juu ya sehemu ambapo mchezaji anamtesa mtu. Huko Ulaya boksi lake lina namba 18, yaani asicheze aliye chini ya miaka 18. Shida ni kwamba kibandani hakuna boksi. Kuna nakala iliyonakiliwa, imeandikwa kwa kalamu, au haikuandikwa kitu. Mtoto wa miaka 9 anaingia na sarafu yake, na hakuna wa kumwambia. Mwenye kibanda mwulizeni, anazijua gemu zake zote.

Na mahali pengine, pembeni ya kibanda, imewekwa mashine nyingine ya rangi rangi inayomeza sarafu. Wengine huiita dubwi. Hii si gemu hata kidogo. Hakuna ujuzi wa mchezaji wala mazoezi. Mashine ndiyo inayoamua. Ni kamari, na hapa kwetu Tanzania sheria inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuicheza. Tusikubali iitwe gemu ili ipate kuingia mlangoni pamoja na Tetris na mpira.

Sasa mzazi afanye nini? Akae. Achukue nusu saa, akae kwenye benchi, au ashike ile simu, aangalie mtoto anavyocheza, na amwulize: "Mwanangu, hapa ukishindwa, inakuambia nini?" Mtoto akijibu, "Inasema jaribu tena," hiyo ni habari moja. Akijibu, "Inasema lipa," au "Inasema rudi baada ya saa 6," hiyo ni habari nyingine. Na kama simu anayochezea ndiyo yenye fedha zako, badilisha namba ya siri leo jioni, na mpya usimtajie.