Je, Motokaa za Spoti za Siku Hizi Zitakuwa Hazina?

(Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa na Afisa wa Elimu)

Somo la leo limetokana na barua. Fundi mmoja wa motokaa, mkaaji wa Nakuru, ameweka akiba kwa miaka kumi na mmoja ili anunue kiwanja. Sasa mpwa wake amemshauri aache kiwanja, anunue Subaru Impreza kuukuu yenye turbo, aifunike turubai, na mtoto wake atakapofika umri wa kwenda chuo kikuu aiuze kwa bei ya dhahabu. Huyo mpwa amesoma kwamba motokaa za spoti za zamani huuzwa Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Kwa nini, asema, za siku hizi nazo zisifike huko?

Swali hili si la mchezo, maana akiba ya miaka kumi na mmoja haipatikani mara mbili. Nawaombeni mchukue penseli na karatasi, kwa kuwa patakuwa na hesabu kidogo.

Habari aliyosoma mpwa ni ya kweli. Mwaka 1962 kiwanda cha Ferrari huko Italia kilianza kutengeneza motokaa ya mashindano iitwayo 250 GTO. Zilitengenezwa 36 tu. Ilipokuwa mpya, bei yake Marekani ilikuwa dola 18,000 hivi; mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani huko California kwa dola zaidi ya milioni 48. Lakini liko jambo ambalo magazeti hayalisemi sana. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, motokaa hizo hizo zilikuwa zikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya upya wake. Nani angetaka motokaa ya kelele, isiyo na starehe, na ambayo haishindi tena? Aliyekuwa nayo wakati ule hakudhani kwamba ana hazina bandani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa milango ya nakshi ya Unguja na Lamu. Zamani ulikuwa mlango tu, wa kuzuia wezi na jua. Nyumba zikabomoka, milango mingine ikaoza, mingine ikaliwa na mchwa, ndipo ile iliyosalia ikaanza kutafutwa kwa fedha nyingi. Thamani yake haikutoka kwa seremala peke yake. Ilitoka kwa mchwa pia.

Sasa nitawapeni mfano wa motokaa ambayo wazee wengi wa Afrika ya Mashariki waliiona kwa macho yao ikipita katika vumbi. Datsun 240Z ya Japani ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Haikuwa motokaa ya matajiri. Mwaka 1970 bei yake Marekani ilikuwa dola 3,526, na zilitengenezwa zaidi ya laki moja na nusu. Waliozinunua walizitumia kwenda kazini, wakaziacha mvuani na katika chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Bati lake halikuweza kushindana na kutu, na nyingi zikaishia kuwa chuma chakavu. Basi, Januari 2020, moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa kama yai, iliuzwa mnadani kwa dola 310,000.

Gawanyeni 310,000 kwa 3,526. Mtapata karibu 88. Yaani kila dola moja ilizaa 88 katika miaka 50, sawa na faida ya asilimia 9 na kidogo kila mwaka, faida juu ya faida. Si haba. Lakini hiyo ilikuwa motokaa moja, bora kupita kiasi. 240Z ya kawaida iliyo katika hali njema ilikuwa ikipata dola 30,000 hivi, mara nane na nusu tu ya bei ya kwanza. Na katika miaka hiyo hiyo 50, bei za vitu kwa jumla huko Marekani zilipanda karibu mara saba. Toeni sasa bima ya miaka 50, toeni kodi, tairi, mafuta ya injini, kodi ya banda, na nyaya zilizotafunwa na panya. Mwenye 240Z njema hakupata faida. Alipata furaha ya kuiendesha, na kama hakuiendesha hata hiyo hakuipata.

Tuje kwenye motokaa za leo. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba siku hizi watu wanazinunua ili kuziweka. Mtu ananunua Ferrari au Porsche, anaacha nailoni ya kiwandani juu ya viti, anaendesha maili mia mbili kwa mwaka. Jirani yake anafanya vivyo hivyo. Kitu kinachowekwa na kila mtu kitapatikana wapi kuwa adimu? Waulizeni wenye kukusanya stempu: zile zilizochapishwa kwa ajili ya wakusanyaji zimejaa katika kila albamu, wala hazina bei.

Hata uchache ulioandikwa na kiwanda si wa kuaminiwa sana. Mwaka 2016 Porsche walitoa 911 R, zilizotengenezwa 991 tu, zote zenye gia za kubadili kwa mkono. Bei yake mpya Marekani ilikuwa karibu dola 185,000. Mara wakaonekana watu wakiziuza kwa zaidi ya maradufu. Mwaka uliofuata kiwanda kikarudisha gia za mkono katika 911 GT3, iliyo ndugu yake wa tumbo moja, na bei ya 911 R ikateremka sana, ingawa haikufika ile ya kiwandani. Aliyenunua juu ya kilele aliumia. Waliolipa arubuni ya pauni 50,000 kwa ajili ya Jaguar XJ220 waliumia zaidi. Motokaa hiyo ilionyeshwa kwanza mwaka 1988 ikiwa na injini ya silinda 12. Ilipotolewa mwaka 1992 ilikuwa na silinda 6 na turbo mbili, na uchumi wa dunia umekwisha kulegea. Wanunuzi wengi walitaka kujitoa, wengine wakafikishana mahakamani. Zilitengenezwa chini ya 300, na hata hivyo kwa miaka mingi ziliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kwanza.

Na sasa jambo ambalo fundi wetu atalielewa kuliko mimi. 240Z aweza kuifungua yote: kabureta, plagi, distributa. Kipande kikikatika, mtu wa mashine atachonga kingine. Motokaa ya leo ina vijisanduku vya kompyuta vinavyoamrisha injini, breki, gia, hata vioo vya mlango. Kijisanduku hakichongwi. Waingereza walitengeneza McLaren F1, 106 kwa jumla, kati ya 1992 na 1998. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mafundi wa kiwanda walikuwa bado wakitunza kompyuta za Compaq za wakati ule, kwa kuwa ndizo zilizoweza kuzungumza na motokaa hizo. Taabu hiyo ina maana, kwani F1 moja iliuzwa mwaka 2021 kwa dola zaidi ya milioni 20. Lakini kwa motokaa ya dola 15,000, nani atatunza kompyuta yake? Na zile zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme zina betri kubwa ambayo huzeeka hata motokaa ikiwa imelala bandani.

Hata hivyo, siamini kwamba hakuna hata moja itakayopanda. Bei hupandishwa na watu waliokuwa wavulana motokaa ilipotoka, wakabandika picha yake ukutani, na sasa wana miaka arobaini au hamsini na fedha mfukoni. Ndiyo maana motokaa za Kijapani za miaka ya 1990, kama Nissan Skyline GT-R na Toyota Supra, zimepanda. Sheria ya Marekani nayo imesaidia: motokaa ya nje isiyofuata kanuni zao huruhusiwa kuingia kwa urahisi ikishatimiza miaka 25. (Kenya ni kinyume, kwani kwa kawaida motokaa kuukuu iliyopita miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa.)

Hapo ndipo Impreza inapokuja. Colin McRae alishinda Safari ya mwaka 1997 kwa Impreza. Mwaka 1998 Subaru walitengeneza namna iitwayo 22B, yenye milango miwili, 400 kwa Japani na chache kwa nchi nyingine. Zimo zilizouzwa kwa zaidi ya dola 300,000. Lakini ile ya mpwa ni ya milango minne, ya namna ambayo maelfu kwa maelfu yalitoka kiwandani. Jina ni moja, bei si moja.

Lakini nimpe mpwa haki yake. Vijana wanazikata springi hizo Impreza, wanabadili injini, wanazigonga usiku barabarani. Mchwa yuko kazini. Huenda baada ya miaka 20 ile ambayo haikuguswa itatafutwa kuliko Ferrari nyingi zilizofunikwa nailoni leo. Huenda, wala si kwa bei ya kumsomesha mtoto.

Kwa hiyo jibu langu kwa fundi ni hili. Kiwanja anunue kwanza. Ikiwa baadaye atakuwa na fedha ambayo hataililia ikipotea, na anaipenda Impreza, yeye ana faida ambayo wengine hawana, maana hatamlipa fundi. Atafute moja ambayo namba ya injini na ya chesisi zinapatana na kitabu cha usajili, yenye rangi yake ya kwanza na ambayo haijakatwa mahali popote. Turbo iliyochoka si neno, hubadilishwa. Atazame kutu chini ya mazulia na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, hapo ndipo huanzia. Na akishainunua aiendeshe, walau kila juma, maana mpira wa mabomba hukauka na petroli huharibika ndani ya tangi.

Vikundi vya kusikiliza, rudieni hesabu ya 240Z kwa bei ya ng'ombe au ya kiwanja cha kijijini kwenu tangu mwaka mnaoukumbuka, mkatuletee majibu. Juma lijalo, saa ile ile, tutazungumza juu ya bima. Kwaherini.