Lori Likaguliwe Kabla ya Gunia la Kwanza Kupakiwa



Msimu wa korosho katika wilaya yetu ya Kisarawe haungoji barabara ikauke. Mavuno hukutana na mvua za vuli, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, na huo ndio wakati magunia yanapotakiwa kutoka katika maghala ya vyama kwenda ghala kuu. Katika kazi ya ukaguzi nimeona kwamba vyama vingi hupima korosho kwa uangalifu, huandika stakabadhi, kisha hukabidhi mali yote hiyo kwa gari ambalo hakuna aliyelitazama.

Nitatoa mfano mmoja bila kutaja jina la chama. Chama hicho kilikodi lori kwa sababu nauli yake ilikuwa ndogo. Lori halikuwa na turubai, na tairi la akiba lilikuwa kipara. Njiani tairi la nyuma lilipasuka, mvua ikanyesha, na mzigo ukalala nje usiku kucha. Korosho zilizotoka ghalani zikiwa za daraja la kwanza zilipokelewa zikiwa za daraja la pili. Kwenye mkutano mkuu mzee mmoja aliuliza: "Nauli tuliyookoa ni kiasi gani, na tulichopoteza ni kiasi gani?" Kamati haikuwa na jibu. Wako waliosema kuwa ajali haina kinga. Lakini tairi kipara si ajali. Ni jambo lililokuwa likionekana tangu asubuhi.

Kwa hiyo yafuatayo yafaa yazingatiwe.

Kwanza, hati. Katibu aione leseni ya dereva na ahakikishe kuwa inamruhusu kuendesha lori. Aitazame pia bima. Ikumbukwe kwamba bima ya mtu wa tatu hailipi fidia ya mzigo uliomo garini. Mzigo huhitaji bima yake yenyewe. Mkataba wa kukodi useme wazi ni nani atakayebeba hasara mzigo ukiharibika.

Pili, gari lenyewe. Ukaguzi ufanyike siku moja kabla ya safari, ili kasoro ipate muda wa kutengenezwa. Matairi yapimwe upepo yakiwa ya baridi, pamoja na lile la akiba. Maji ya rejeta na mafuta ya injini yatazamwe kabla ya kuwasha. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yachemkayo humrukia mtu usoni. Taa zote, indiketa na vifuta maji vya kioo vijaribiwe. Kwa lori lenye breki za upepo, maji yaliyojikusanya katika matangi ya upepo yatolewe, na gari lisiondoke mpaka mshale uonyeshe kuwa upepo umejaa. Jeki, spana, pembetatu za kuakisi mwanga na turubai zima viwemo garini.

Tatu, uzito. Gunia la korosho ghafi lililojaa huwa na kilo 80 hivi. Lori la tani 7, basi, hubeba magunia 87. Ukipakia 110, umebeba kilo 8,800, yaani umezidisha kilo 1,800. Uzito huo hupasha matairi joto hadi yakapasuka, na huzishinda breki mahali zinapohitajiwa zaidi.

Nne, mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Hata hivyo, kikomo si amri ya kukifikia. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja, kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kukamata huongezeka mara nne. Barabara ikilowa, umbali huo huzidi.

Tano, njia. Atokaye Maneromango kwenda Mlandizi, au kwenda Kisarawe mjini na milima ya Pugu, hukutana na mchanga, tope na miteremko. Kwenye mteremko dereva aingize gia ndogo tangu juu. Kukanyaga breki mfululizo huzichemsha, na kuteremka kwa gia huru ni kujitoa mhanga. Maji yakivuka barabara, asiyaingie bila kujua kina chake na nguvu yake. Popote barabara inapokata reli, asimame, atazame pande zote mbili, ndipo avuke.

Mwisho, watu. Wanachama hupenda kusindikiza korosho zao wakiwa wamekaa juu ya magunia. Hofu yao naielewa, kwa maana ni jasho la mwaka mzima. Lakini lori likiyumba, anayekaa juu ndiye anayerushwa kwanza. Chama kimteue mjumbe mmoja, akae mbele na hati ya mzigo mkononi, naye awe na mamlaka ya kumwambia dereva aliyechoka au aliyekunywa pombe kwamba safari imeahirishwa.

Napendekeza kila chama kifungue daftari la magari: tarehe, namba ya gari, jina la dereva, idadi ya magunia, kasoro zilizoonekana, na sahihi ya aliyekagua. Tumezoea kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali iliyo barabarani nayo ni mali, na korosho zikichelewa siku moja kwa sababu ya breki mbovu, siku ya pili bado zitapokelewa.