Je, Wajua? Sekunde, Vyuma na Bei ya Mchezaji wa Futiboli ya Marekani

Kila mwaka, Februari inapoelekea ukingoni, vijana zaidi ya 300 waliong'ara katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani hualikwa mjini Indianapolis. Kwa siku chache hupimwa urefu, uzito na ukubwa wa kiganja. Hukimbia, huruka na kunyanyua vyuma mbele ya makocha na maskauti wa timu zote 32 za ligi ya NFL. Majaribio hayo huitwa NFL Scouting Combine. Aprili hufuata drafti, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu katika raundi saba, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huanza. Hapo katikati, sehemu ndogo ya sekunde huweza kumpandisha kijana au kumshusha, na mamilioni ya dola yakaenda naye. Je, namba hizo zina uzito gani? Historia ya majaribio yenyewe inajibu: zinafaa sana kuchuja watu, lakini hazifai kuwapanga foleni.

Yalianza kwa daktari

Je, wajua kwamba shabaha ya kwanza ya mkusanyiko huu ilikuwa vipimo vya afya? Awali kila timu ilimwita kijana kwa wakati wake na kumpima kwa gharama yake, hata goti moja likapigwa picha na timu kadhaa. Mwaka 1982 shirika la National Football Scouting liliwakusanya wachezaji 163 mjini Tampa, Florida, wapimwe mara moja na majibu yagawiwe timu wanachama. Kambi nyingine za aina hiyo ziliendelea kando hadi 1985 zilipounganishwa, na tangu 1987 shughuli hii imekuwa Indianapolis. Hadi leo, neno la daktari kuhusu moyo au goti laweza kumtoa mchezaji kwenye orodha ya timu upesi kuliko saa ya mbio.

Kwa nini yadi 40?

Yadi 40 ni mita 36.58, umbali usioshindaniwa kwenye riadha. Asili yake huhusishwa na Paul Brown, kocha wa kwanza wa Cleveland Browns katika miaka ya 1940. Hesabu ilikuwa hivi: mpira unaopigwa juu kwa mguu kuelekea kwa wapinzani hutua kama yadi 40 mbele, baada ya kukaa hewani sekunde 4.5 hivi. Anayekimbia umbali huo kwa muda huo hufika pamoja na mpira. Hata hivyo, ni nadra mchezaji kukimbia yadi 40 zilizonyooka bila kuguswa. Kwa wale wenye miili mikubwa wa mstari wa mbele, ambao kazi yao huisha ndani ya hatua chache, maskauti makini hutazama zaidi yadi 10 za mwanzo.

Usain Bolt na saa isiyo na bunduki

Rekodi ya Indianapolis ni ya Xavier Worthy, sekunde 4.21 mwaka 2024. Aliipiku ile ya John Ross, 4.22, ya mwaka 2017. Februari 2019, Usain Bolt, akiwa ameshastaafu, alikimbia yadi 40 kwenye tamasha la mashabiki wa Super Bowl, fainali ya NFL, mjini Atlanta, amevaa raba na suruali ya mazoezi. Saa ya mkononi ikaonyesha 4.22. Je, Worthy ana kasi kuliko Bolt? Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa vipimo hivi. Kwenye riadha saa huanza bunduki inapolia, na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hupita kabla mwili haujaitika. Indianapolis hakuna bunduki. Kijana huinama, vidole vya mkono mmoja vikigusa chini kwenye mstari, akaondoka anapotaka mwenyewe; mtu mwenye saa hubonyeza anapomwona akitikisika, na mtambo wa kielektroniki huisimamisha mwishoni. Kidole kikichelewa kidogo, kijana amezawadiwa kasi asiyokuwa nayo. Kwa hiyo tofauti ya sekunde 0.02 si kitu cha kumnyima mtu raundi nzima.

Nafasi ya 9 na nafasi ya 10

Katika drafti ya 2017, Cincinnati Bengals walitumia nafasi ya 9 kumchukua John Ross, mwenye rekodi mpya ya kasi. Msimu wake wa kwanza uliisha bila kudaka hata pasi moja, na majeraha yakamwandama. Nafasi ya 10 Kansas City Chiefs walimchukua Patrick Mahomes, aliyekimbia kwa sekunde 4.80. Mahomes ni kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, na ameshatwaa Super Bowl tatu. Tom Brady, kwotabeki pia, alikimbia kwa sekunde 5.28 mwaka 2000, akasubiri hadi nafasi ya 199. Alistaafu na mataji saba. Saa haikumsingizia: Brady alikuwa mzito wa miguu mpaka siku ya mwisho. Waliokosea ni waliosahau kwamba kwotabeki hulipwa kwa macho, uamuzi na mkono. Sekunde ileile ina bei tofauti katika kila nafasi ya uwanjani.

Aliyeusomea mtihani

Mike Mamula wa Boston College alijiandaa kwa majaribio ya 1995 kwa namna ambayo wakati huo ilikuwa ngeni: mwalimu wake wa viungo alimfanyisha mazoezi ya vipimo vyenyewe. Mbinu ya kuanza mbio, kuruka wima, kuzunguka koni, yote aliyarudia mpaka yakawa mazoea. Alipofika Indianapolis akawaacha watu midomo wazi. Philadelphia Eagles walitoa nafasi zao za drafti kwa Tampa Bay Buccaneers ili wapande hadi nafasi ya 7 wamchukue. Tampa Bay waliporudi nyuma, nafasi ya 12 wakampata Warren Sapp, na ya 28 wakampata Derrick Brooks. Wote wawili walishinda Super Bowl ya Januari 2003 na baadaye wakaingia kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo. Mamula alikuwa mchezaji wa kutegemewa; katika maisha yake ya NFL aliwaangusha makwotabeki mara 31.5, idadi isiyo ya aibu. Ila hakuwa yule aliyeahidiwa na saa. Leo karibu kila kijana huusomea mtihani kwa majuma kadhaa na walimu wa kulipwa, kwa hiyo sehemu ya namba tunazosoma ni ya maandalizi.

Vyuma mara 51

Jaribio la kunyanyua vyuma humtaka mchezaji alale chali kwenye benchi na kusukuma pauni 225, kama kilo 102, mara nyingi awezavyo. Mwaka 1999 Justin Ernest alizisukuma mara 51. Hakuchaguliwa na timu yoyote, wala hakupata kucheza mechi ya msimu wa NFL. Mwaka 2018 Orlando Brown Jr. alisukuma mara 14 tu na kukimbia kwa sekunde 5.85, akashuka hadi nafasi ya 83. Tangu hapo ameitwa mara nne kwenye Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi, na kushinda Super Bowl. Mikono yake ni mirefu sana. Urefu huo humwongezea safari ya chuma pale benchini, lakini uwanjani humsaidia kumzuia mpinzani akiwa bado mbali.

Mara nyingine namba husema kweli tupu

Ni dhuluma kusimulia makosa pekee. Mwaka 2007 Calvin Johnson, mwenye pauni 239, aliazima viatu vya mwenzake akakimbia kwa sekunde 4.35. Detroit Lions wakamchukua nafasi ya 2, na mwaka 2012 akaweka rekodi ya kupokea mipira ya yadi 1,964 katika msimu mmoja. Mwaka 2014 Aaron Donald alionekana mfupi kwa mlinzi wa katikati ya mstari wa mbele, lakini akiwa na pauni 285 alikimbia kwa sekunde 4.68. Timu 12 zikachagua wengine kabla yake. Alistaafu akiwa ametajwa mara tatu kuwa mlinzi bora wa ligi. Kwa Donald namba zilithibitisha yale yaliyokwisha kuonekana kwenye mechi zake za chuo. Ushahidi wa aina mbili ukikubaliana hivyo, yafaa uaminiwe.

Kasi hupimwa pamoja na uzito

Mwaka 2008 mchambuzi Bill Barnwell alitoa kanuni ya wabeba mpira: zidisha uzito kwa 200, kisha gawanya kwa muda wa yadi 40 uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Tuijaribu. Mchezaji wa pauni 190 akikimbia kwa sekunde 4.40 hupata alama 101 hivi. Wa pauni 220 akikimbia kwa 4.50 hupata 107. Kwenye saa wa kwanza ameshinda. Kwenye kanuni wa pili yuko mbele, kwa kuwa kuusukuma mwili mkubwa hivyo ni kazi ya nguvu zaidi, na walinzi watapata tabu kumwangusha. Baadaye Kent Lee Platte aliunda alama ya RAS, ya 0 hadi 10, inayomlinganisha mchezaji na wenzake wa nafasi yake tu. Namba moja ikitembea bila wenzake hupotosha.

Wataalamu walipopiga hesabu

Mwaka 2008 Frank Kuzmits na Arthur Adams walichapisha utafiti uliolinganisha matokeo ya majaribio na mafanikio ya wachezaji katika NFL. Hawakuona uhusiano wa kudumu kati ya vipimo na mafanikio, isipokuwa mbio kwa wabeba mpira. Wengine hudhani hilo linathibitisha kwamba kasi haina maana. Sivyo. Ukipima urefu wa wachezaji wa kikapu wa kulipwa, utakuta mrefu zaidi si lazima awe bora zaidi, na bado watu wafupi wengi hawakufika hapo kabisa. Indianapolis ni hivyohivyo: wasio na mwili wa NFL wamekwisha kuchujwa. Kati ya waliobaki, kinachotofautisha ni kusoma mchezo, mbinu, afya na nidhamu.

Mtihani wa akili uliofutwa

Kwa miaka mingi vijana hao walifanya pia mtihani wa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12. Pat McInally wa Harvard alipata 50 kwa 50 mwaka 1975, kabla ya majaribio haya ya pamoja kuanza, akacheza NFL kama mpiga mpira kwa mguu na mpokeaji. NFL iliuondoa kwenye majaribio mwaka 2022. Kutatua mafumbo ya maneno ukiwa umeketi kimya ni kazi tofauti na kusoma walinzi 11 katika sekunde mbili.

Kifaa kilichofichwa begani

Siku hizi wachezaji wa NFL huvaa vifaa vidogo ndani ya pedi za mabega, vinavyorekodi mwendo wao mechi nzima. Oktoba 2020 DK Metcalf wa Seattle alimfukuza Budda Baker wa Arizona aliyekuwa amenyaka pasi, akamkamata karibu na mstari wa mwisho akiwa amefikia kilomita 36 kwa saa. Mwaka 2019 alikuwa amekimbia kwa sekunde 4.33, lakini akasubiri hadi nafasi ya 64. Kipimo cha koni kilikuwa kimemwonyesha mzito wa kugeuka. Cooper Kupp naye alikimbia kwa 4.62 na kuchukuliwa nafasi ya 69 mwaka 2017. Msimu wa 2021 alidaka mipira 145 na kuongoza ligi nzima. Kupp hupunguza na kuongeza mwendo kwa hesabu, mlinzi akabaki hajui aende wapi, na ujanja huo hakuna kidole kwenye saa kinachoupima.

Namba huokoa wasiojulikana

Kuna kundi moja ambalo kwalo vipimo ndivyo mlango wenyewe: wale wasio na mechi nyingi za kutazamwa. Daniel Adongo, Mkenya aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani, kwa ajili ya kimo, uzito na mbio zake. Alicheza mechi chache. Ezekiel Ansah kutoka Ghana aliuanza mchezo huu chuoni mwaka 2010, na mwaka 2013 akachaguliwa nafasi ya 5. Jordan Mailata, mchezaji wa raga wa Australia, alichukuliwa nafasi ya 233 mwaka 2018, kisha Eagles wakamfundisha kwa subira mpaka akawa nguzo ya timu iliyotwaa Super Bowl ya Februari 2025. Mwili uliwafungulia mlango watatu hao. Waliodumu walidumu kwa sababu walipata walimu na muda wa kujifunza.

Basi namba isomweje?

Kwanza, uliza ni ya nafasi gani na ya uzito gani. Pili, tazama kama imevuka kiwango cha chini cha kazi. Ikishavuka, sekunde za ziada zina faida ndogo. Tatu, ilinganishe na mechi zake. Namba ikipingana na uliyoyaona, usichague upande. Rudi kwenye mkanda utafute sababu. Huenda mchezaji ana kasi asiyojua kuitumia, na mwalimu atamsaidia. Huenda ana akili inayofika mahali kabla ya miguu yake. Huyu wa pili ndiye anayepuuzwa sana kila Aprili, na timu zinazojifunza kumtambua hupata wachezaji wa raundi ya kwanza kwa bei ya raundi ya tatu.